Kunyonyoka na Kunyonyolewa: Makinda wa Njiwa wa Mbio Al Barsha

Likizo ndefu iliyopita, wenzangu wengi darasani walikwenda mafunzo kwa vitendo. Mimi nilikwenda Dubai kwa mjomba wangu, nikakaa miezi miwili nikiosha vyombo vya njiwa. Mhariri aliposikia akacheka, kisha akaniambia niandike. Basi, mwanakiswahili mwenzangu, usitarajie habari za maghorofa.

Mjomba anafanya kazi Al Barsha. Wageni wanaijua sehemu hiyo kwa Mall of the Emirates, duka kubwa lenye mlima wa theluji ndani yake. Lakini ukiiacha Barabara ya Sheikh Zayed ukaingia mitaa ya ndani, utakuta nyumba za familia zenye kuta ndefu, ua na mitende. Katika ua mmoja wa namna hiyo mjomba alianza kama mtunza bustani. Siku tajiri yake alipoleta njiwa wa mbio, akawa mtunza njiwa pia. Hakuuliza kama mshahara utaongezeka. Alikwisha kufuga njiwa tangu utotoni, Ng'ambo, Unguja, na nadhani alifurahi kuliko alivyokubali kusema.

Njiwa wa mbio si ndege wa ajabu kwa kumtazama. Ni njiwa wa kufugwa, aliyechaguliwa kizazi baada ya kizazi, hasa Ubelgiji, kwa kasi na kwa uwezo wa kurudi nyumbani. Husafirishwa kwenye makreti hadi mbali, hufunguliwa wote kwa pamoja, na kila mmoja hurudi kwenye banda lake. Pete ya mguuni hutumika kurekodi muda wake wa kufika. Kuna watu huyachukulia mambo haya kwa uzito mkubwa: Novemba 2020 njiwa jike wa Kibelgiji aitwaye New Kim aliuzwa mnadani kwa euro milioni 1.6. Wa tajiri yake mjomba hawakaribii bei hiyo, lakini nilionywa siku ya kwanza kwamba kila mmoja ana thamani ya miezi kadhaa ya mshahara.

Nilipofika, mwanzoni mwa Agosti, banda lilikuwa na makinda ishirini na wawili walioanguliwa Februari. Naandika "makinda", ingawa kwa macho walikuwa wakubwa. Kilichowabakisha utotoni ni mabawa.

Bawa la njiwa lina manyoya makubwa 10 ya kurukia kuanzia kiungo cha katikati hadi nchani. Wafugaji huyahesabu kutoka ndani kwenda nje. Kinda akifika wiki sita hadi nane huliangusha la kwanza, na jipya huanza kuota. Jipya likisogea vya kutosha, huanguka la pili, bawa la kulia na la kushoto kwa pamoja au karibu pamoja, ili ndege asipoteze mizani. Hivyo hivyo mpaka la kumi. Mkia una manyoya 12, nao hubadilika kwa zamu yake, na manyoya madogo ya mwili na shingo huanguka kwa wingi kuelekea mwisho. Kazi nzima huchukua kiasi cha miezi sita. Katika muda wote huo ndege mzima anaweza kuruka. Hakuna siku anayobaki uchi kama kuku anayeandaliwa kwa pilau.

Hatari iko kwenye yale ya mwisho, la nane, la tisa na la kumi. Hayo ndiyo marefu na ndiyo yanayofanya ncha ya bawa. Nyoya changa lina damu ndani ya shina lake, ni laini, na likivunjika hutoa damu nyingi. Njiwa akifunguliwa jangwani huku manyoya hayo yako nusu, hupiga mabawa mara nyingi zaidi kwa kila kilomita na kuchoka mapema. Ng'ambo, akichoka, atatua juu ya paa la mtu. Jangwani hakuna paa, na vipanga wapo.

Ulaya makinda hushindanishwa majira ya kiangazi ya mwaka uleule waliozaliwa, kwa hiyo wafugaji wengi wa huko huwafungia gizani sehemu kubwa ya siku tangu wanapoachishwa na wazazi hadi karibu Juni, ili mwili udhani siku ni fupi na kuahirisha kunyonyoka. Ghuba ni kinyume. Mashindano huja na miezi ya baridi, na kiangazi chote ni cha kunyonyoka. Anayefuga Dubai hana haja ya kuahirisha. Shida yake ni kumaliza kwa wakati, katikati ya joto linalopita nyuzi 40.

Sasa niingie kwenye lugha, maana jarida ni letu. Kiswahili kinatofautisha vizuri kunyonyoa na kunyonyoka. Kunyonyoa kuna mtendaji na kuna mtendwa, na mtendwa kwa kawaida amekwisha kuchinjwa. Kunyonyoka hakuna mtendaji. Ni nyoya lenyewe limefika muda wake. Nimesoma kauli ya kutendeka mihula miwili na sikuwahi kuona inavyoweza kuwa amri ya kazi. Mjomba hajasoma sarufi. Kila nilipotaka kufanya jambo, alisema, "Waache wanyonyoke."

Kuwaacha, hata hivyo, kulikuwa na kazi nyingi. Nyoya ni protini kwa karibu asilimia 90, yaani keratini, na keratini inahitaji viambato vyenye salfa, methionini na sisteini. Jamii ya kunde ina protini nyingi lakini methionini haba. Kwa hiyo mjomba alichanganya mahindi, ngano, njegere kavu na choroko, kisha juu yake akatia alizeti, mbegu za kitani na ufuta. Ufuta una methionini kwa wingi. Nilipomweleza hayo akanitazama tu. Yeye aliutia kwa sababu babu yangu aliutia.

Maji yalibadilishwa mara nne kwa siku, maana saa nne asubuhi yalikuwa yameshakuwa kama ya chai. Mara mbili kwa wiki, alfajiri, tuliwawekea beseni la kuogea. Kuoga husaidia vumbi na magamba yanayofunika nyoya changa yatoke. Hakuna kuwakimbiza, hakuna kuwashika ovyo, na hakuna dawa ya minyoo isiyojulikana: dawa za jamii ya fenbendazole zikitolewa wakati huu huharibu manyoya yanayoota. Chochote kinachomsumbua ndege kwa siku mbili tatu, njaa, homa, hofu ya paka, huacha mstari mwembamba ulio dhaifu kukatiza nyoya, na mstari huo hubaki mpaka mwaka unaofuata. Mjomba alikuwa akinyoosha bawa dhidi ya jua na kunionyesha: "Hapa feni iliharibika."

Katikati ya Agosti niliona watatu wamekwama. Wenzao walikuwa wameshaangusha la nane. Wao walikuwa na saba mapya yaliyokomaa, kisha kimya, wiki ya tatu. Mmoja, wa kijivu mwenye paji jeupe, nilimpenda. Asubuhi moja mjomba alikwenda sokoni, nikamshika, nikalivuta nyoya la nane la bawa la kulia. Halikutoka kirahisi. Lilipotoka lilikuwa na damu kwenye kitako.

Sikuficha. Mjomba alimchukua yule njiwa, akabana pale palipovuja kwa kitambaa, hakunena muda mrefu.

"We mjomba," akaniambia hatimaye, kama wajomba wa kwetu wanavyowaita wapwa zao, "hili limenyonyoka?"

"Hapana, mjomba. Nimelinyonyoa."

"Basi mngoje alipe."

Usiku ule hakulala mapema. Alikaa uani kwenye kiti cha plastiki akilitazama banda. Njiwa huwa na kibao chake cha kulalia na hakubali kukiacha. Wale watatu walilala upande mmoja, safu ya juu. Ilipofika saa tano akaniita. Ukutani mwa jirani kulikuwa na taa kubwa ya ulinzi, mpya, na mwanga wake ulipita juu ya ukuta ukaingia kwenye wavu, ukawamulika wale watatu mpaka asubuhi.

Saa yetu ya Kiswahili imesimama juu ya jua linalochomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili. Unguja, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki hata muda wa saa moja, na mjomba alifuga njiwa miaka yote bila kufikiria urefu wa mchana. Dubai iko nyuzi 25 kaskazini ya Ikweta. Juni jua huchomoza kiasi cha saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama baada ya saa moja usiku; Desemba huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na mbili. Kufupika huko kwa mchana baada ya Juni ndiko kunakouambia mwili wa njiwa uendelee kuangusha. Wapo wafugaji wanaowasha taa makusudi kuzuia manyoya yasianguke kabla ya mashindano. Jirani alikuwa akitufanyia hivyo bila kujua na bila kulipwa.

Tulipigilia ubao na magunia upande ule. Siku ya kumi na moja, wa kwanza kati ya wale wawili ambao sikuwagusa aliangusha la nane, kulia na kushoto. Wa pili alimfuata baada ya siku tatu. Nililiokota moja la manyoya yale. Liko ndani ya kamusi yangu, ukurasa wa *njiwa*, karibu na *njiwa manga*, jina tunalompa njiwa wa kufugwa. Manga ni Arabuni, hasa pande za Omani. Mjomba hupenda kusema kwamba njiwa wa Unguja walikuja kutoka upande huu na yeye amekuja kuwalipia nauli ya kurudi.

Yule wa kijivu naye aliangusha la nane la kushoto mwezi ule ule. La kulia, pale nilipovuta, liliota polepole. Nilipokuwa naondoka, mwanzoni mwa Oktoba, lilikuwa jembamba kuliko la pili yake na limepinda nje kidogo. Tajiri alilinyoosha bawa, akalifunga, akamwambia mjomba kwa Kiarabu kwamba huyu hatapakiwa msimu huu. Mjomba akaitikia, "Sawa, bwana," wala hakutaja nani alilivuta.