Uchuro, Utani na Wosia: Lugha Yetu Mbele ya Kifo

Lengo la mhadhara huu ni kuchunguza jambo moja: kwa nini jamii yenye maneno mengi ya kuzungumzia kifo kikishatokea hukosa kauli kabla hakijatokea? Mfano wangu mkuu ni Dakawa, wilayani Mvomero, kando ya barabara iendayo Dodoma, ambako Waluguru, Wanguu, Wakaguru, Wazigua, Wamaasai na wengineo huzikana.

Tuanze na msamiati. Kitenzi "-fa" ni cha Kibantu asilia, nasi hukitumia bila kusita kwa mnyama, kwa mmea, hata kwa saa ya ukutani. Kwa binadamu tunakikwepa: amefariki, ametutoka, ameaga dunia, hatunaye tena. "Kufariki" limetoka Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kutengana. "Marehemu" ni aliyerehemewa. "Hayati" asili yake ni neno lenye maana ya uhai. Yaani mtu aliyekufa tunamwita kwa jina la uhai. Hizi ni tafsida, nazo si kasoro. Humstahi marehemu na kuwapunguzia wafiwa uchungu.

Tatizo huanza pale tafsida inapogeuka ukimya. Mzee akisema, "Nikifa, shamba la bondeni mwachieni mama yenu," watoto humkatiza: "Baba, usijichurie!" Neno hili ndilo ufunguo wa mada yetu. Uchuro ni mkosi uletwao na tendo au kauli; nyuma yake mna imani kwamba kukitaja kifo ni kukiita. Hivyo mgonjwa asiyetarajiwa kupona huambiwa kila siku kwamba atapona. Yeye anajua, nduguze wanajua, na kila mmoja anamficha mwenzake. Akiondoka, huacha madeni yasiyojulikana na mjane asiye na ushahidi wa kile alichoahidiwa. Wahenga walilisema hili: mficha maradhi, kilio kitamuumbua.

Janga la UKIMWI lilizidisha hali hiyo. Mitaani zilizuka kauli kama "amekanyaga miwaya". Zilikuwa kauli za wazi kwa wasemaji, lakini zilisemwa kisogoni pa mgonjwa. Hazikumpa nafasi ya kusema neno lake mwenyewe.

Je, tuige desturi za wageni ili tuweze kuzungumza? La. Mila za Morogoro tayari zina msemaji aliyeruhusiwa, naye ni mtani. T. O. Beidelman, katika makala yake ya mwaka 1966 kuhusu Wakaguru, alionyesha jinsi utani unavyofungamana na kifo. Msibani, mtani hushika kazi ambazo wengine huziogopa. Humwigiza marehemu alivyotembea na alivyosema, hudai fidia kwa wafiwa, na huwachekesha waliao. Akisema, "Huyu kafa na ubahili wake," hakuna amwambiaye kwamba anachuria. Kinachobadilika si neno, bali haki ya msemaji kulitamka.

Wafiwa nao huzungumza wanapoulizwa kwa adabu. Kuanzia mwaka 1992, mradi wa Wizara ya Afya wa kuchunguza maradhi na vifo vya watu wazima uliendeshwa Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Mvomero ya leo. Kwa kuwa wengi hufia nyumbani pasipo daktari, wahoji waliwaendea ndugu na kuwauliza dalili zilizotangulia kifo: homa, kikohozi, kukonda. Takwimu za sababu za vifo zilijengwa juu ya masimulizi ya wafiwa.

Pamoja na mtani kuna wosia, utanzu wa kauli ambao kwa asili yake husemwa na aliye hai kuhusu siku asiyokuwapo. Uislamu unautambua. Tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963 linakubali hata wosia wa mdomo, mradi uwe na mashahidi wasiopungua wanne. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, hupokea na kutunza wosia ulioandikwa. Njia ipo, kinachoizuia ni hofu ya uchuro.

Pendekezo langu, basi, ni la kiisimu. Tusiwalazimishe watu kutamka "kufa". Tuwape msemaji anayekubalika na swali linalobebeka. Mtani, shangazi, mjomba, shehe, padri au muuguzi wa tiba shufaa aweza kumwuliza mgonjwa: "Kuna neno ungependa tulishike?" "Ungependa nani awe karibu nawe?" "Maumivu yakikuzidi usiku, tukufanyie nini?" Maswali haya hayakitaji kifo, lakini yanamwachia mgonjwa mlango wa kukitaja akitaka.

Kiswahili kimetupa "poleni" ya kuwapa waliobaki. Anayeondoka naye anastahili kusikilizwa angali na sauti.