Kivimbe shingoni? Wakati mwingine kungoja ndiyo matibabu

Kabla uanzishe harambee kwa WhatsApp, wacha nikusimulie ya tata yangu.

Tata, dadake baba, huuza minji na karoti katika soko la Karatina. Mwaka jana shingo ilimuuma, akapigwa picha ya ultrasaundi. Maumivu yaligeuka kuwa ya misuli tu, lakini ripoti ilitaja kitu kingine: kivimbe cha milimita 7 kwenye tezi ya thairoidi, "cha kutiliwa shaka". Ni kama punje moja ya zile minji anazouza. Daktari akamwambia: "Hatukidungi sindano sasa. Rudi baada ya mwaka tukipime tena."

Nyumbani moto ukawaka. Baba alisema wanatupuuza kwa sababu sisi ni watu wa soko. Binamu akataka ng'ombe auzwe, tata apelekwe Nairobi kukatwa. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, eti ndiye "msomi" wa familia, nikatumwa nisake ukweli.

Nilichopata kilinishangaza. Tezi hii yenye umbo la kipepeo hupata vivimbe kwa watu wazima wengi mno, na vingi si saratani. Mtaalamu akisoma picha hukipa kivimbe alama: weusi wake, kingo zake, kama ni kirefu kuliko upana, kama kina chembe za chokaa. Lakini ukubwa pia una uzito. Mwongozo wa wataalamu wa picha wa Marekani wa 2017 unasema hata kile cha kundi la shaka kubwa zaidi hudungwa kikifika sentimita 1. Cha milimita 5 hadi 9 hupigwa picha kila mwaka, kwa miaka mitano.

Mbona wasitoboe tu wamalize? Angalia Korea Kusini. Baada ya 1999 watu wengi walianza kupimwa shingo bila dalili. Kufikia 2011 idadi ya waliopatikana na saratani hii ilikuwa mara 15 ya ile ya 1993, lakini vifo havikubadilika. Maelfu walikatwa. Na ukitolewa tezi yote, unameza tembe maisha yako yote. Wengine hubaki na sauti iliyoharibika.

Japani walienda njia nyingine. Tangu 1993, Hospitali ya Kuma mjini Kobe imewapa wagonjwa wenye saratani ndogo ya aina ya papilari, isiyozidi sentimita 1, nafasi ya kufuatiliwa badala ya kukatwa. Baada ya miaka 10, karibu 8 kati ya 100 ndio kivimbe chao kilikuwa kimeongezeka milimita 3 au zaidi. Hao wangeweza kukatwa wakati huo, na bado wakawa sawa.

Sasa usinielewe vibaya. Kungoja si kusahau. Kivimbe kilicho karibu na koo la hewa au mshipa wa sauti, au tezi zingine za shingo zikivimba, daktari hawezi kukaa tu. Ukianza kukwaruza sauti, kukwama chakula, au kuona uvimbe unakua haraka, usingoje tarehe. Mwambie pia kama kuna mtu wa familia aliyeugua saratani hii, au kama ulitibiwa kwa miale shingoni ukiwa mtoto.

Picha ya pili ya tata ilitoka mwezi uliopita. Milimita 7, vilevile. Ng'ombe bado anakamuliwa.

Kwa hivyo ukiambiwa "tungoje", uliza maswali matatu: kina ukubwa gani, kiko kundi gani, nirudi lini? Andika tarehe hiyo kwa kalenda, pale unapoandika siku ya chama. Na ripoti ya kwanza usiifungie minji. Bila hiyo, atakayekupima mwakani hatakuwa na cha kulinganisha.