Rekodi skrini umfunze mfanyakazi, lakini chunga PIN

Uko Nakuru mjini, duka lako la pili liko Naivasha, na mfanyakazi mpya anapiga simu kila saa: "Boss, huyu mteja amelipa kweli?" Badala ya kueleza mara kumi, mwonyeshe mara moja kwa video.

Simu nyingi za Android 11 na kuendelea zina kitufe cha kurekodi skrini. Telezesha kidole kutoka juu kwenda chini, utakiona. Lipia till yako shilingi 10 kutoka simu yako nyingine, kisha rekodi jinsi ya kuthibitisha: jina, kiasi, saa na nambari ya muamala. Mkumbushe asiamini meseji anayoonyeshwa na mteja. Aangalie upande wa duka. Dakika moja inatosha, na ataitazama tena hata ukiwa safarini.

Lakini kumbuka, kinachopita kwenye skrini kinaweza kunaswa: salio, nambari za wateja, hata meseji inayoingia ghafla. Kwa hivyo:

• Zima arifa kwanza.
• Anza kurekodi ukishaweka PIN. Hata ikionekana kama nukta, kibodi inaweza kuonyesha tarakimu unazobonyeza.
• Tazama video yote kabla ya kuituma, na umtumie anayehusika tu, si grupu nzima. Taarifa za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Je, mtu akikupigia akidai ni wa huduma kwa wateja na anataka kuona skrini yako? Kata simu. PIN ni yako pekee.