Karakana uani, mtoto kitandani: Namna ya kumaliza kero bila kuua ujirani

Ngara/Biharamulo. Saa mbili usiku, ukuta mmoja wa tofali unaweza kutenganisha familia mbili zenye mahitaji yanayogongana. Upande mmoja baba anamalizia geti la mteja anayelisubiri alfajiri. Upande wa pili mama anambembeleza mtoto wa miezi minne, huku kaka yake wa darasa la saba ameziba masikio akijaribu kumaliza hesabu.

Wote wana hoja. Baba akizima mashine, ada ya shule ya watoto wake inayumba. Akiendelea, watoto wa jirani hawalali wala hawasomi.

Hali hii si ngeni kwa wakazi wa Ngara Mjini, Kabanga, Rulenge, Benaco, Biharamulo Mjini na Nyakanazi. Kazi nyingi za mikono huanzia nyumbani. Kuna cherehani barazani, saluni chumba cha mbele, banda la seremala nyuma ya jiko, mashine ya kusaga na kukoboa, fundi wa kuchomelea vyuma na fundi pikipiki.

Sababu zake zinaeleweka. Kodi ya fremu ya barabarani ni mzigo kwa anayeanza, na mama mwenye mtoto mchanga anaweza kushona huku akimwangalia mwanawe. Malori yanayokwenda Rwanda kupitia Rusumo na Burundi kupitia Kabanga nayo huleta kazi zisizo na saa. Dereva aliyeharibikiwa usiku hasubiri kukuche, na fundi aliye karibu ndiye anayegongewa mlango.

Kwa hiyo swali la wazazi si kama kazi za nyumbani ziwepo au zisiwepo, kwani ndizo zinazolisha kaya nyingi. Swali ni namna ya kuishi nazo.

Si kelele pekee

Mzazi anayetaka kulalamika inafaa ajue kwanza kinachomsumbua hasa, kwa sababu kila kero ina dawa yake.

Ya kwanza ni kelele. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi wastani wa desibeli 40. Grenda ya kukatia chuma inaweza kufikisha desibeli 100 kwa aliye karibu nayo. Kwa mfanyakazi mwenyewe, desibeli 85 kwa saa nane kwa siku ni kiwango ambacho kikizidi huhatarisha usikivu. Hivyo fundi anayedhani amezoea kelele huenda ameanza kupoteza uwezo wa kusikia.

Ya pili ni vumbi na moshi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, na mwaka 2017 likauweka moshi wa kuchomelea vyuma katika kundi hilohilo. Hatari kubwa ni ya fundi anayeuvuta kila siku kwa miaka, lakini mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa kifua siku hiyohiyo.

Ya tatu ni mwanga wa kuchomelea. Watoto hupenda kusimama na kutazama cheche. Mionzi ya mwanga ule huunguza uso wa jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, mtoto akilia kuwa macho yamejaa mchanga. Mzazi asimtie maziwa, majimaji ya viazi wala dawa ya macho iliyobaki nyumbani. Ampeleke kituo cha afya.

Ya nne ni umeme. Katika nyumba za kupanga zenye LUKU moja, mashine ya kuchomelea au pasi ya fundi cherehani humaliza uniti ambazo wapangaji wote wamechangia. Wakati mwingine taa za jirani hufifia kila mashine inapowashwa. Ugomvi unaoitwa wa kelele mara nyingi huwa ni ugomvi wa uniti.

Ya tano ni watu. Wateja hupita uani, hukaa barazani, na wengine huzungumza lugha isiyofaa mbele ya watoto. Hili huwaumiza wazazi wengi lakini husemwa mwisho, au halisemwi kabisa.

Anza mlangoni, si ofisini

Kosa linaloharibu ujirani ni kunyamaza miezi sita, kisha kufoka siku moja. Jingine ni kumtuma mtoto akaseme, au kurusha maneno kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Fundi aliyeaibishwa mbele za watu huona haja ya kushinda, na mazungumzo huishia hapo.

Njia bora ni kwenda mwenyewe, mashine ikiwa imezimwa na mteja hayupo. Salamu kwanza, shikamoo kwa anayestahili, habari za watoto, kisha hoja. Maneno kama haya yanatosha: "Baba Fulani, kazi yako tunaiheshimu, nayo ndiyo inayosomesha. Ila tangu mwezi uliopita mtoto halali, anashtuka grenda inapolia baada ya saa mbili. Tunaomba tuone tunafanyaje."

Maneno hayo yamebeba mambo matatu. Yametambua riziki ya mwenzake, yametaja kero moja kwa saa yake, na yameomba suluhisho badala ya kutoa amri. Kumwambia mtu "unatusumbua" hakumpi la kufanya. Kumwambia "baada ya saa mbili" kunampa.

Ni vizuri pia mlalamikaji ajipime. Je, kero ingekuwa ileile kama jirani asingekuwa ameanza kununua mabati ya nyumba mpya? Je, yeye mwenyewe hana redio, mbwa au moshi wa jiko unaoingia kwa wenzake? Malalamiko yenye chembe ya wivu hujulikana haraka, na huidhoofisha hata hoja ya kweli.

Makubaliano yanayoshikika

Familia nyingi zinaweza kuelewana kwa mambo manne.

Saa za kazi: kazi za kelele zianze baada ya watoto kwenda shule na ziishe kabla ya giza kutulia. Jioni fundi afanye kazi za kimya kama kupima, kupaka rangi, kupiga msasa kwa mkono au kufunga bawaba.

Siku maalumu: mashine zizimwe kukiwa na msiba jirani. Zipunguzwe pia mtihani wa darasa la saba au wa kidato cha nne unapokaribia.

Mahali: mashine isiegemee ukuta wa jirani, maana ukuta hubeba mtetemo hadi kitandani. Vipande vya tairi kuukuu chini ya miguu ya mashine hupunguza mtetemo huo. Kizuizi cha bati huficha mwanga na cheche vizuri kuliko turubai, ambalo linaweza kushika moto.

Taka: vumbi la mbao linyunyiziwe maji kidogo kabla ya kufagiwa, wala lisichomwe uani. Wafugaji wa kuku hutafuta maranda ya kutandika bandani.

Kuhusu umeme, anayeendesha mashine aombe mita yake TANESCO. Ikishindikana kwa sasa, wapangaji na mwenye nyumba wakubaliane juu ya mita ndogo ya ndani inayoonyesha matumizi ya kila mmoja. Mwenye nyumba hapaswi kujitoa, kwa kuwa ndiye aliyepokea kodi ya pande zote mbili.

Makubaliano hayo yakiandikwa mistari mitano kwenye daftari, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, huokoa maneno mengi baadaye.

Watoto wa fundi nao ni watoto

Katika malalamiko haya, watoto wa mwenye karakana husahaulika. Wanalala karibu na mashine kuliko jirani yeyote na wanavuta vumbi lilelile. Wengine hushika taa au kubeba vyuma hadi usiku.

Kumfundisha mtoto kazi ya mikono ni urithi mzuri. Hata hivyo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto katika kazi za hatari, na pia kazi za usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa 12 asubuhi. Mzazi anayemfundisha mwanawe akiuchukua mpaka huo kuwa wa nyumbani kwake pia, atakuwa amemlinda. Karakana iwe na mpaka unaoonekana, hata wa kamba, na mtoto mdogo asiuvuke. Jenereta isiwashwe ndani wala karibu na dirisha, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Mazungumzo yakishindikana

Hatua inayofuata ni mjumbe, kisha mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji na ofisa mtendaji. Kata ina mtendaji na ofisa afya, na halmashauri ina ofisa mazingira. Anayelalamika aende na kumbukumbu: tarehe, saa, aina ya kero na nani ameathirika. Kama mtoto ametibiwa, cheti cha hospitali ni ushahidi.

Sheria zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na viwango vya kelele na mitetemo vina kanuni zake za mwaka 2015. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inashughulikia kero zinazodhuru afya. Kwa viwanja vilivyopimwa mjini, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali cha mamlaka ya upangaji kabla ya kubadili matumizi ya ardhi. Kiwanja cha makazi hakigeuki kiwanda kwa uamuzi wa mwenye kiwanja peke yake.

Mabaraza ya kata, yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1985, yapo kwa ajili ya usuluhishi, na hapo pande mbili bado zinaweza kutoka zikiwa zinasalimiana.

Mwenye karakana naye ana pa kuanzia. Akikua, aulize halmashauri kuhusu eneo la viwanda vidogo, na akawaone SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inaweza kusaidia kikundi cha mafundi kuhamia eneo moja. Seremala watatu wenye banda la pamoja pembezoni mwa mji hupunguza kero katika nyua tatu.

Kipimo cha mwisho

Kabla ya kupeleka jambo mbali, kila upande ujiulize swali moja. Mtoto akizidiwa homa saa nane usiku, nani atafunguliwa mlango kwanza? Kwa familia nyingi za Ngara na Biharamulo jibu si ndugu aliye Mwanza au Dar es Salaam. Ni huyohuyo fundi mwenye pikipiki upande wa pili wa ukuta. Naye fundi akisafiri, macho yanayolinda vyuma vyake ni ya huyohuyo mama anayelalamikia grenda.