Nguvu za Injini: Upana wa Silinda na Mwendo wa Pistoni

Katika Singida Mjini alizeti hukamuliwa kwa mashine, na parafujo ya mashine hiyo huzunguka polepole, lakini kwa uzito mwingi. Basi mtu anunuaye injini ya kuizungusha aweza kupoteza fedha zake akitazama hesabu ya nguvu za farasi peke yake.

Tutoe mfano. Injini ya dizeli ya Lister 6/1, iliyotengenezwa Dursley katika Uingereza, na kuigwa sana huko Rajkot, India, ina nguvu za farasi 6 tu. Silinda yake ina upana wa inchi 4½, pistoni huenda inchi 5½, nayo huzunguka mara 650 kwa dakika. Pikipiki ya CC 150, kama zile za bodaboda, yaweza kutoa nguvu za farasi 12. Lakini hizo hupatikana injini ikizunguka mara 7,500 hivi kwa dakika! Tukipima nguvu ya kuzungusha, yaani ule msukumo wa kugeuza kitu kizito, Lister yaishinda pikipiki mara tano na zaidi. Maana nguvu za farasi ni nguvu ya kuzungusha ikizidishwa kwa wingi wa mizunguko.

Watu wengi husema siri ni pistoni kwenda mwendo mrefu. Sisi hatukubali, na hesabu yetu ni hii. Fikiri silinda mbili. Ya kwanza ni nyembamba: uso wa pistoni yake ni inchi 10 za eneo, na mwendo inchi 6. Ya pili ni pana: uso inchi 15, mwendo inchi 4. Ujazo wa zote mbili ni sawa, 60. Moto ukisukuma kila inchi ya uso kwa ratili 100, pistoni ya kwanza husukumwa kwa ratili 1,000 na ya pili kwa 1,500. Lakini mkono wa krenki ni nusu ya mwendo, yaani inchi 3 na inchi 2. Zidisha: zote mbili ni 3,000. Hakuna iliyozidi, nguvu ya kuzungusha hutoka katika ujazo na msukumo wa moto.

Tofauti yao ni mbio. Kwa kila mzunguko pistoni ya kwanza huenda na kurudi inchi 12, ya pili inchi 8. Tuseme chuma chaweza kustahimili futi 1,200 kwa dakika: ya kwanza itazunguka mara 1,200, ya pili mara 1,800, nayo itapata nguvu za farasi mara moja na nusu. Tena silinda pana ina nafasi ya valvu kubwa za kuvuta hewa.

Injini ya mbio yaweza kukamua alizeti pia, ikifungiwa puli ndogo, na mashine puli kubwa. Ila ringi zake zitakwenda mbio kutwa nzima, na kuchakaa mapema. Kwa hiyo muulize mwenye duka maswali mawili: farasi wangapi, na kwa mizunguko mingapi?