Serikali Ikitwaa Shamba, Limeandikwa Jina la Nani?

Mwezi mmoja wa kiangazi mama mmoja mjane aliingia katika ofisi ya parokia, akaketi penye benchi bila kusema neno. Mimi ni karani, na kazi yangu ni vitabu: kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha maziko. Nilidhani amekuja kuandikisha nia ya Misa. Baada ya "Tumsifu Yesu Kristu" na kuulizana habari za nyumbani, akasema: "Mwanangu, shemeji yangu amepigwa picha mbele ya nyumba yangu."

Sikumwelewa. Basi akanieleza taratibu. Kwao ni kata ya Nyatwali, huko Bunda. Wathamini walipokuja kuhesabu mali za watu, yeye alikuwa Musoma akimwuguza binti yake aliyejifungua kwa shida. Wathamini hawa hufanya hivi: hupima shamba, huhesabu miti na kuandika nyumba, kisha humsimamisha mwenye mali mbele ya nyumba yake, ameshika kibao chenye namba, wakampiga picha. Siku hiyo aliyesimama na kibao alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Nyumba, mashamba na miembe sita vikaandikwa jina la shemeji.

Msomaji wa mbali huenda haijui Nyatwali. Ukitoka Mwanza kwenda Musoma kwa barabara kuu, ukishapita lango la Ndabaka, mkono wako wa kulia ni Hifadhi ya Serengeti, na mkono wa kushoto palikuwa na mashamba ya watu, kisha ziwa. Ziwa hapo ndipo paitwapo Ghuba ya Speke. Watu wa huko walilima pamba na mihogo, walifuga na kuvua. Lakini wanyama nao wahitaji maji. Wakati wa ukame tembo na nyumbu hutoka hifadhini kuyatafuta maji ya ghuba, na njia yao ilikuwa mashambani mwa watu. Kwa sababu hiyo serikali iliamua kulitwaa eneo hilo ili hifadhi ifike ziwani. Habari ya kuhamishwa ilikwisha kusikika miaka mingi, hata wengine wakaizoea kama mtu azoeavyo mawingu yasiyonyesha. Safari hii mvua ilinyesha kweli: tathmini ikafanyika, malipo yakafuata, na watu wakaanza kuhama.

Mambo ya mipaka hayakuanza jana katika mkoa wetu wa Mara. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka yake ilibadilishwa, na Wamasai waliokuwa wakikaa ndani wakapelekwa Ngorongoro. Mwaka 1994 yakatangazwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yanayopakana na vijiji vyetu. Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama hapa hapa, alitamka huko Arusha mwaka 1961 kwamba wanyama wa porini ni amana tuliyokabidhiwa. Naye alizaliwa kwa wakulima na wafugaji, akajua jembe ni nini. Mimi naona mambo yote mawili ni kweli, na ndiyo maana kesi hizi ni ngumu.

Januari 2019 Rais Magufuli alisimamisha kuondolewa kwa vijiji vilivyosemekana vimo ndani ya hifadhi, akaunda kamati ya mawaziri wanane ichunguze. Vijiji vyenye migogoro vilivyohesabiwa nchini vilikuwa 975, na Baraza la Mawaziri likaridhia 920 vibaki mahali pake. Wengi walishangilia, na haki yao. Nyatwali haikuwa na bahati hiyo.

Lakini turudi kwa mama yetu. Nilimwuliza, "Mama, mlifunga ndoa hapa?" Akajibu kwamba ilikuwa mwaka 1998. Nikafungua kabati. Ndoa yao imo, na majina ya mashahidi. Watoto watano wamo katika kitabu cha ubatizo, na kila mara padre aliandika mahali wazazi wakaapo, ni Nyatwali tu. Mumewe yumo katika kitabu cha maziko. Nikamwandikia vyeti vyote, nikapiga muhuri. Siku ile niliona kwamba vitabu hivi, ambavyo watu huvikumbuka mtoto atakapo komunyo ya kwanza au atakapo kuoa, vyaweza kusema mtu alikaa wapi na tangu lini.

Vyeti peke yake havikutosha, maana mali ya marehemu huwa na msimamizi. Ilimbidi aitishe kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe na watu watie sahihi, kisha auchukue mpaka Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi. Katika kikao shemeji alisema shamba ni la baba yao, na mwanamke hawezi kusimama mbele ya wathamini juu ya ardhi ya ukoo. Hapo wazee wengine waliitikia kwa vichwa. Yafaa wajue kwamba sheria za ardhi za mwaka 1999 zasema wazi kuwa mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Tena shemeji hakuwa mwongo katika yote. Ekari moja ya karibu na maji alikuwa akiilima yeye tangu zamani, baba yao alimpa, na majirani walilishuhudia jambo hilo.

Walikwenda baraza la kata. Tangu mwaka 2021 baraza hilo halikati tena kesi ya ardhi, kazi yake ni kupatanisha tu kwa muda wa siku 30, na likishindwa watu huenda baraza la wilaya. Wengi hawajalisikia badiliko hili, wakapoteza miezi wakingoja hukumu isiyokuja. Kwa bahati hawa walipatana: ekari ya majini ikabaki ya shemeji, na nyumba, miembe na shamba jingine vikarudi katika jina la mama kama msimamizi. Mwenyekiti wa mtaa akaandika barua, na karatasi zikasahihishwa kabla ya malipo. Kama angechelewa mpaka fedha zimeshaingia benki kwa jina la mwingine, sijui tungeanzia wapi.

Katika malipo yenyewe watu wengi hutazama bei ya ekari tu. Sheria yataka fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Pamoja na thamani ya ardhi, nyumba na mazao ya kudumu, kuna malipo ya usumbufu, ya kusafirisha mizigo, ya pango la nyumba kwa miezi 36, na ya faida iliyopotea kwa mwenye duka au mashine ya kusaga. Kila moja huandikwa mahali pake katika karatasi. Uliza usomewe kabla ya kutia dole gumba, na uombe nakala ukaiweke pamoja na vyeti vya watoto. Tena kwa sheria ya uthamini ya mwaka 2016, malipo yakichelewa kupita miezi sita huanza kudaiwa riba, na tathmini ikipita miaka miwili haifai tena, yapaswa kufanywa upya. Tarehe ya tathmini basi ni neno la kuandikwa ukutani kwa mkaa.

Wasichanganye watu fidia na kile kiitwacho kifuta jasho. Hicho ni cha tembo aliyekula mahindi yako, nacho hutolewa kwa kanuni zake. Kanuni za mwaka 2011 hata ziliweka kwamba shamba lililo chini ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halipati kitu. Kupokea kifuta jasho si kukubali kuhama, na kukikosa si kupoteza haki ya shamba.

Na wale wasiolipwa je? Wazee wa wilaya ya Serengeti wanakumbuka Nyamuma. Oktoba 2001 watu waliondolewa huko kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilipeleka malalamiko katika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume ikasikiliza mashahidi, ikaona kwamba haki za watu zimevunjwa, ikapendekeza walipwe. Serikali haikukubali, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Rufani, ambayo ilisema mapendekezo ya Tume yaweza kupelekwa mahakamani yatekelezwe. Watoto waliokuwa mgongoni mwaka ule wakawa watu wazima shauri likiendelea. Hata hivyo lilisikilizwa, kwa kuwa watu walikubali kusema pamoja na majina yao yakaandikwa.

Neno moja kwa wanaume wenzangu, mnisamehe. Fedha za shamba zikiingia mkononi kwa siku moja huonekana nyingi kuliko zilivyo. Nimewaona walionunua pikipiki kwanza na kutafuta kiwanja baadaye, na bei ya kiwanja Bunda mjini haikuwangoja.

Mama yetu alinunua mahali Butiama, karibu na kaka zake. Kabla ya kuhama alikuja tena ofisini na swali ambalo sikulitazamia: "Na baba watoto, nitamwacha kwa tembo?" Nikamweleza kwamba iko sheria ya kuhamisha makaburi, ya mwaka 1969, na gharama za kuhamisha, za kuzika upya na za ibada yake hulipwa. Alilidai hilo pia, akalipwa. Padre alikwenda pamoja nao alfajiri, shemeji akashika koleo wa kwanza. Jioni nilifungua kitabu cha maziko, nikaandika pembeni ya jina lake kwa wino mwekundu: "Amehamishiwa Butiama," nikatia tarehe.