Bia Chachu kwa Mfuko Uliochacha

Mpe mnywaji wa Dar es Salaam bia yenye uchachu, ataisukuma kando: "Hii imeharibika, nibadilishie." Ana haki. Bia anayoijua hutengenezwa kwa kuwaogopa bakteria, na ikichacha basi kuna mtu alizembea, kiwandani au ghalani. Lakini mtu huyohuyo, Desemba ikifika na akapanda kwao Rombo au Marangu, atapokea kata ya mbege ya ndizi na ulezi, yenye uchachu wa kukunja uso, na ataomba ya pili. Magharibi mwa Kenya busaa nayo hainywewi kwa utamu wake.

Nimeanza huko kwa sababu bia chachu za Ulaya siku hizi huuzwa kama kinywaji cha wajuzi, kwa maneno ya kuazima kutoka kwa watu wa mvinyo, na Mswahili anayeishi Brussels au Berlin hupita mbele ya rafu akidhani hazimhusu. Zinamhusu. Ulimi anao tayari. Kinachomsumbua ni bei: chupa moja inauzwa mara nane ya jirani yake, na zote mbili zinajiita chachu. Vijana wetu husema "nimechacha" wakimaanisha mfukoni hamna kitu, na mtu wa hali hiyo anahitaji kujua analipia nini kabla hajatoa pesa.

Kwa sehemu kubwa analipia muda.

Ipo njia ya haraka. Mtengenezaji hukoroga kimea cha shayiri na ngano katika maji ya moto, akachuja akapata maji matamu. Iite togwa ya Kizungu. Huipoza mpaka nyuzi 40 hivi, akaitia bakteria wa laktiki, jamaa wa hawa wanaogandisha maziwa yetu, na kuiacha siku moja au mbili. Uchachu ukifika anapoutaka, huichemsha ili bakteria wafe, akaipoza tena na kutia hamira ya kawaida. Wiki chache baadaye bia iko kwenye kopo. Ndiyo maana makopo ya gose na ya Berliner Weisse, ambayo mengi siku hizi hutengenezwa hivyo, ni ya bei nafuu.

Unafuu huo usikufanye uyadharau. Gose ni bia ya Leipzig, Ujerumani, yenye chumvi na mbegu za giligilani ndani yake. Ilitoweka kabisa mjini humo katika miaka ya 1960, ikafufuliwa miaka ya 1980. Watu hupata shida kuieleza, lakini aliyekulia kwenye embe bichi la chumvi na pilipili hahitaji mwalimu. Berliner Weisse ni nyepesi zaidi, kilevi chake asilimia 3 hivi, na Waberlini wengi huitia sharubati nyekundu au ya kijani. Mimi naiona sharubati inaiharibu, ila hilo ni lao.

Njia ndefu ni jambo lingine. Kusini-magharibi mwa Brussels, katika bonde la mto Zenne na vijiji vya Pajottenland, hutengenezwa lambic, bia isiyotiwa hamira na mtu yeyote. Wakati wa miezi ya baridi, togwa iliyokwisha kuchemshwa humiminwa kwenye sinia kubwa la chuma, pana na la kina kifupi, ikaachwa usiku kucha ipoe. Hewa ya usiku na mbao za jengo lenyewe huipandikizia vimelea. Watu wa pwani hatuna haja ya kushangaa: mgema naye hatii hamira, na kibuyu hushuka mnazini kikiwa tayari na povu. Tofauti ni kwamba tembo la leo likikaa siku chache huwa siki, ilhali lambic huingia kwenye mapipa ya mwaloni na kukaa humo mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Vimelea hupokezana zamu. Wengine hula sukari, wengine huleta uchachu, na polepole huja hamira ya pori iitwayo Brettanomyces, iliyotambuliwa mwaka 1904 katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, ikiacha harufu ya ngozi, majani makavu na zizi la farasi. Zizi, ndiyo. Ukiizoea utaitafuta.

Mwishoni huchanganywa lambic kongwe na changa. Kongwe huleta kina cha ladha, changa huleta sukari iliyosalia, na sukari hiyo ndiyo inayozaa gesi ndani ya chupa. Mchanganyiko huo ndio geuze. Sasa hesabu: pipa limekaliwa miaka mitatu, sehemu ya bia imepotea hewani kupitia mbao, na fedha za mwenyewe zimelala muda wote huo. Bei hiyo ina maelezo.

Hapa ndipo mnunuzi huteleza. Si kila chupa yenye neno geuze au kriek, ile ya cheri, imepitia safari hiyo. Nyingi huongezwa sukari, na nyingine huchanganywa na bia ya kawaida. Si haramu wala si uongo. Ni soda ya watu wazima. Anayetaka kitu chenyewe atafute neno moja la Kiholanzi kwenye lebo: Oude, yaani ya kale. Tangu 1997 majina Oude Geuze na Oude Kriek yanalindwa na Umoja wa Ulaya.

Lakini kuna bei nyingine isiyotokana na muda, nayo ni bei ya jina. Chupa za Cantillon, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1900 Anderlecht, huwindwa na kuuzwa tena nje ya Ubelgiji kwa fedha za kutisha. Bia ni nzuri kweli, ila tofauti yake na jirani zake haifanani na tofauti ya bei. Anayeitamani aende kiwandani kwenyewe, ambako pia ni makumbusho, anywe glasi moja. Frank Boon, kwa upande wake, aliingia katika kazi hii kule Lembeek miaka ya 1970, wakati wengi waliona lambic inakufa. Leo mapipa yake ni makubwa na bia yake iko katika maduka ya kawaida ya Ubelgiji, pembeni ya maziwa na mkate. Kwa kuwa haina ugumu wa kupatikana, wawindaji hawaipigi picha. Nafuu kwetu.

Katikati ya njia ya haraka na ile ndefu wapo watengenezaji Rodenbach wa Roeselare, waliopo tangu 1821, na hawa nawasifu kwa akili ya biashara. Bia yao ya kawaida ni robo tatu changa na robo moja tu iliyokaa miaka miwili katika mapipa marefu kama minara. Kongwe ni ghali, kwa hiyo hutumika kama ndimu kwenye mchuzi. Matokeo ni bia nyekundu, chachu ya wastani, tamu kidogo. Ile iitwayo Grand Cru hugeuza hesabu, theluthi mbili ikiwa kongwe. Nunua zote mbili siku moja, onja moja baada ya nyingine, na utakuwa umeonja muda wenyewe.

Aliye Moshi au Morogoro asihangaike na chupa zilizovuka bahari, kwani usafiri na ushuru vitammaliza. Akipata Chibuku, bia ya nafaka ya paketi, anunue mbili, moja ainywe leo na nyingine baada ya siku tatu. Bado inachacha ndani ya paketi, na ya pili itakuwa kali kuliko ya kwanza.

Na aliye Ulaya mwenye fedha ya chupa moja tu achukue Boon Oude Geuze, ile ndogo ya mililita 375. Itoe frijini nusu saa kabla, imimine taratibu, machicha yabaki chini. Fundo la kwanza litakukunja uso. Usitoe hukumu kabla ya la tatu.